Transfoma ya volti 12, mita inasoma 18, spika inanguruma

Swali limetoka kwa msomaji wa Morogoro. Nimelifupisha kidogo:

"Shikamoo mwalimu. Nimeunga pawasaplai ya amplifaya ndogo ya volti 12. Transfoma imeandikwa 12V 1A, nikaweka daiodi nne za 1N4007, kapasita moja ya mikrofaradi 1000, kisha 7812, ile regyuleta ya kutoa volti 12. Kabla sijaunga amplifaya, mita inasoma volti 18 kwenye kapasita na 12 kamili kwenye mguu wa kutokea wa 7812. Nikiunga amplifaya na kupandisha sauti, spika inanguruma na ile 12 inashuka hadi 11 na kidogo. Baadaye nikaongeza 7805, regyuleta ya volti 5, kwenye kapasita hiyo hiyo ili nichajie simu. Ikapata moto hadi haishikiki, na simu ikawa inachaji, inaacha, inaanza tena. Fundi wa mtaani kwetu anasema hizo 78 ni feki. Nimebadilisha, hali ni ile ile. Mbona chaja ya simu inaenea kiganjani, haina transfoma ya chuma, wala haipati moto namna hii?"

Marahaba, mdogo wangu. Feki zipo madukani, sikatai, lakini hayo uliyoyaeleza hayahitaji feki hata moja. 7812 halali kabisa ingefanya vile vile kwenye saketi yako. Vipimo ulivyoviandika vinaonyesha kwamba kila kifaa kinafanya kazi yake ipasavyo. Kilichopungua ni hesabu ya kabla ya kununua. Nakushukuru kwa kuandika namba, maana wengi huniandikia "inanguruma, nifanyeje?" na hapo hakuna wa kuwasaidia.

Tuanze na hiyo 18. Namba 12 iliyoandikwa kwenye transfoma si kilele cha wimbi. Ni kipimo cha AC inayopasha rezista joto sawa na ambavyo DC ya volti 12 ingeipasha. Wimbi lenyewe hupanda hadi mara 1.414 ya hapo, yaani volti 17 hivi, hushuka hadi sifuri, huenda 17 upande wa pili, kisha hurudi. Kapasita iliyo nyuma ya daiodi hujaa hadi kwenye kilele. Katika kila nusu ya wimbi umeme hupita kwenye daiodi mbili kati ya zile nne, na zote mbili hubaki na chao: volti 1 na ushee mzigo ukiwa mdogo, karibu 1.8 mzigo ukiwa mkubwa. Kwa hiyo ungetegemea 16. Umeona 18 kwa sababu kiwanda huandika 12 kikiwa kimeibebesha transfoma mzigo wake wote wa ampea 1. Transfoma ndogo isiyo na mzigo hutoa asilimia 10 hadi 20 zaidi. Chukua 13.5, zidisha kwa 1.414, unapata 19. Toa daiodi, unabaki na 18 yako.

Sasa unga amplifaya. Tuseme inakula nusu ampea ukipandisha sauti. Transfoma inarudi karibu na 12 yake, kilele kinakuwa 17, daiodi zinachukua 1.8, na kapasita inajaa hadi 15.2. Hapa naomba tutembee milisekunde kwa milisekunde, kwa sababu ugonjwa wako wote umelala hapa.

Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo wimbi moja huchukua milisekunde 20. Daraja la daiodi, yaani zile nne zako, hugeuza nusu ya chini ikawa juu, basi vilele hufika kila baada ya milisekunde 10. Lakini daiodi hupitisha pale tu volti ya transfoma inapoizidi volti iliyomo kwenye kapasita, na hilo hutokea karibu na kilele, kwa muda wa milisekunde 2 hivi. Milisekunde 8 zilizobaki daiodi zote zimefunga. Ni kana kwamba umeing'oa transfoma kwenye saketi. Amplifaya inaishi kwa akiba, kama nyumba yenye tangi juu ya paa mtaa ukiwa kwenye mgao wa maji: bomba linatoka kwa muda mfupi, lakini watu wanaoga kutwa.

Akiba hiyo inapungua kiasi gani? Zidisha ampea kwa muda, gawanya kwa faradi. Ampea 0.5 mara sekunde 0.008, gawanya kwa faradi 0.001: volti 4. Kapasita yako inajaa hadi 15.2, inateremka hadi 11.2, inajaa tena, mara 100 kila sekunde.

Na 7812 inadai nini? Ili itoe 12, mguu wake wa kuingilia lazima uwe juu kwa volti 2 hivi, yaani 14 au zaidi. Kila kapasita inapoteremka chini ya 14, 7812 haina tena cha kusawazisha. Inapitisha kilichopo, pungufu ya zile volti 2. Kwenye bonde kabisa, mguu wa kutokea unaangukia 9 na kidogo. Kisha kilele kinafika, unarudi 12. Kuanguka huko kwa mara 100 kwa sekunde ndiko kunakonguruma kwenye spika yako.

Mita yako haikuonyesha lolote kati ya hayo. Ikiwa kwenye DC hutoa wastani wa sehemu kubwa ya sekunde, na wastani wa kitu kinachocheza kati ya 9 na 12 ni 11 na kidogo. Ukaona upungufu wa volti moja, ukadhani regyuleta imechoka. Kumbe amplifaya haipewi wastani. Inapewa kila milisekunde kama ilivyo. Haya ndiyo mawazo ninayotamani kila kijana anayeanza saketi za analogi ayashike kabla ya kununua kifaa cha pili: volti ni mchoro unaotembea na muda, na saketi hufa au kupona kwenye sehemu ya chini kabisa, au ya juu kabisa, ya mchoro huo. Chukua karatasi ya miraba, mraba mmoja uwe milisekunde moja, uchore wimbi la kapasita yako kwa namba nilizokupa, kisha piga mstari mlalo kwenye 14. Utaona kwa macho muda mrefu ambao 7812 inakaa bila chakula. Kuchora huko ni bure, na kunafundisha kuliko kanuni tano zilizokaririwa.

Huna osiloskopu, chombo kinachochora wimbi la volti kwenye skrini, najua. Ukipata mita yenye skeli ya AC ya volti 2 au 20, ipime kapasita ikiwa kwenye AC na mzigo ukiwa umeungwa. Utakachosoma zidisha kwa 3.5, upate takriban urefu wote wa wimbi kutoka bonde hadi kilele. Kwako ingesoma karibu 1.1 au 1.2. Zile mita za bei nafuu ambazo skeli ya chini kabisa ya AC ni 200 hazifai kwa kazi hii. Kama huna nyingine, njia ya pili ni kuongeza kapasita sambamba na iliyopo na kusikiliza: ngurumo ikipungua mara moja, umepata jawabu.

Basi niweke kapasita kubwa tu, yaishe? Tujaribu. Kwa mikrofaradi 4700 volti zinashuka 0.85 tu, bonde linakaa 14.3, juu ya mstari. Ngurumo itanyamaza. Itanyamaza, lakini umeme wa ukutani ukiwa kamili. Jioni watu wakiwasha pasi na majiko, umeme ukishuka asilimia 10, transfoma inatoa 10.8, kilele ni 15.3, toa daiodi, 13.5. Hicho ni kilele chenyewe, na kiko chini ya 14. Hata ungeweka kapasita kubwa kama ndoo isingekuokoa. Kwa hiyo kosa la kwanza ni transfoma: ili upate 12 safi kutoka 7812, nunua ya volti 15. Kilele chake chenye mzigo ni 19.4 baada ya daiodi, na umeme ukishuka asilimia 10 bado unabaki na 17.3. Hapo kapasita ina nafasi ya kupumua.

Kapasita kubwa pia ina gharama ambayo haionekani. Kadiri inavyokuwa kubwa, ndivyo muda wa kujaza unavyozidi kuwa mfupi, na chaji ile ile lazima iingie ndani ya muda huo mfupi. Nusu ampea ya wastani ikiingia ndani ya milisekunde 2 kati ya 10, ina maana mishindo ya ampea 2.5 na zaidi. Mishindo hiyo hupasha waya za transfoma moto kuliko wastani unavyodokeza. Ndiyo sababu transfoma ya AC iliyoandikwa ampea 1, ikifuatiwa na daraja na kapasita, hutoa kwa usalama DC ya ampea 0.6 hivi tu. Wauzaji wengi hawalisemi hili, na transfoma nyingi zinaungua kwa sababu yake.

Mishindo hiyo hiyo inaweza kukuletea ngurumo ya aina nyingine, ambayo kapasita haiiponyi. Angalia waya wako wa hasi. Kama umeutoa kwenye daraja, ukaupitisha kwenye amplifaya, ndipo ukafika kwenye kapasita, mishindo ya kujaza inapita kwenye kipande cha waya ambacho amplifaya inakitumia kama sifuri yake. Waya wa shaba wa milimita mraba 0.5, urefu sentimita 10, una omu 0.0034. Ni ndogo mno, utasema. Pitisha mshindo wa ampea 5, unapata milivolti 17. Amplifaya inayokuza mara 100 inageuza milivolti 17 kuwa volti 1.7 kwenye spika. Kwa hiyo: waya mbili za daraja ziende moja kwa moja kwenye miguu ya kapasita, ziishie hapo. Kila kitu kingine kianzie kwenye miguu hiyo ya kapasita kwa waya wake, hasi ya amplifaya peke yake, hasi ya chaja peke yake. Na uweke kapasita ndogo ya mikrofaradi 0.33 kwenye kuingilia kwa 7812 na 0.1 kwenye kutokea, karibu kabisa na miguu yake; bila hizo regyuleta inaweza kuanza kutetema yenyewe kwa masafa ya juu ambayo mita haiyaoni.

Sasa 7805 iliyokuunguza kidole.

Regyuleta za ukoo wa 78 hufanya kazi kama rezista inayojirekebisha yenyewe. Ampea zinazoingia ndizo zinazotoka. Volti zilizozidi hazina pa kwenda ila kugeuka joto. Simu inataka volti 5 kwa ampea 1. Kapasita yako ina wastani wa 14. Volti 9 zinabaki kwenye 7805, mara ampea 1, wati 9. Simu inapokea wati 5, wewe unachemsha 9 ili kumpa mgeni 5. Kwenye karatasi za kiwanda, 7805 ya umbo lile la kawaida isiyo na hitisinki (bati la kupoozea) hupanda nyuzi 65 hivi kwa kila wati. Wati 9 zingetaka kuipandisha nyuzi 585 juu ya joto la chumba, jambo ambalo silikoni haliwezi kulistahimili. Lakini haikuungua, na hapo ndipo unapoona kwamba si feki: ndani yake kuna saketi ya kujilinda ambayo, joto likizidi, hufunga njia. Ikipoa kidogo inafungua. Simu yako ikawa inachaji, inaacha, inaanza tena. Hiyo ni regyuleta inayojiokoa mbele ya macho yako, nawe ukaitupa.

Hitisinki ingesaidia, ila ingehitaji kuwa bonge la aluminiamu. Ukitaka kiini cha 7805 kisizidi nyuzi 125 chumbani mwenye nyuzi 35, una nyuzi 90 za kugawa kwa wati 9, yaani nyuzi 10 kwa wati. Tano kati ya hizo zinaliwa ndani ya kifaa chenyewe, kutoka kwenye kiini hadi kwenye bati la mgongoni. Hitisinki inabakiwa na nyuzi 5 kwa wati au pungufu. Inawezekana, lakini bado unanunua umeme wa kupasha hewa.

Kuna njia nyingine, na ndiyo mlango wa elektroniki za nguvu. Fikiria kifaa kinachopitisha umeme na joto lake: ni volti zilizo juu yake mara ampea zinazopita. Kikiwa kimefunga kabisa, volti zipo lakini ampea ni sifuri, joto sifuri. Kikiwa kimefungua kabisa, ampea zipo lakini volti zilizo juu yake ni kidogo sana, joto kidogo. Joto baya liko katikati, pale ambapo 7805 inakaa maisha yake yote. Basi tusikae katikati. Tufungue kabisa, tufunge kabisa, haraka haraka, na tupime kiasi cha nguvu kwa muda ambao mlango uko wazi.

Mzigo hauwezi kupewa umeme unaokatikakatika namna hiyo, kwa hiyo kati ya swichi na simu tunaweka koili. Koili haikubali ampea zake zibadilike ghafla. Ukiiwekea volti, ampea zinapanda taratibu kwa mwendo wa volti gawanya kwa henri. Ukiigeuzia volti, zinashuka taratibu. Saketi hii mafundi wanaiita baki, na bodi yake inayouzwa sana ni ile yenye LM2596, inayofungua na kufunga mara 150,000 kwa sekunde.

Tuitazame mzunguko mmoja, kwa transfoma mpya ya 15 inayokupa takriban 18 kwenye kapasita. Mzunguko mmoja ni mikrosekunde 6.67. Unataka 5 kutoka 18, hivyo swichi inakaa wazi kwa sehemu ya 5 gawanya kwa 18, asilimia 28 ya muda, mikrosekunde 1.85. Ndani ya muda huo upande mmoja wa koili uko kwenye 18 na mwingine kwenye 5, tofauti ni 13. Kwa koili ya mikrohenri 47 ampea zinapanda kwa 13 mara 1.85 gawanya kwa 47, yaani 0.51. Kisha swichi inafunga. Koili haitaki ampea zake zikatike, inazivuta kupitia daiodi iliyotoka kwenye hasi, na sasa ina volti 5 kwa upande wa kinyume. Ampea zinashuka 0.51 ile ile katika mikrosekunde 4.8 zinazobaki. Ukichora, kwa simu inayokula ampea 1, mkondo wa koili unacheza kati ya 0.75 na 1.25, na kapasita ya kutokea inalainisha mchezo huo. Hakuna mahali ambapo volti 13 na ampea 1 vinakaa pamoja kwa muda mrefu. Bodi hizo kwa kutoa 5 hufikia ufanisi wa takriban asilimia 80: wati 5 zinafika kwenye simu, 1.25 zinapotea. Linganisha na 9. Na tazama upande wa kuingilia: wati 6.25 kutoka volti 18 ni ampea 0.35 tu. Unaingiza 0.35, unatoa 1. Ukoo wa 78 hauwezi hilo kamwe.

Lile somo la wastani linarudi hapa kwa kasi kubwa zaidi. Ile daiodi iliyo kwenye baki inapitisha na kufunga mara 150,000 kwa sekunde, kwa hiyo wameweka ya Schottky, aina inayofunga haraka sana. Nimeona bodi nyingi zilizotengenezwa mitaani ambamo Schottky iliyokufa imebadilishwa na 1N4007. Mita inasema daiodi ni nzima, volti 5 zinatoka, mteja anaondoka. Baada ya muda kila kitu kimeungua. 1N4007 imeundwa kwa hezi 50. Ukiigeuzia volti, inaendelea kupitisha kinyumenyume kwa muda kabla ya kufunga, na muda huo, ambao kwenye hezi 50 hauna maana yoyote, kwenye mzunguko wa mikrosekunde 6 ni balaa. Usiiweke hapo hata kwa majaribio.

Vilevile usiiunge baki kwa waya ndefu kwenye bodi ya matundu. Waya wa sentimita 10 wenyewe ni koili ya nanohenri 100 hivi. Ampea 1 ikikatwa ndani ya nanosekunde 50, waya huo unazaa volti 2 zake peke yake, mara 150,000 kwa sekunde, na redio iliyo jirani itazisikia. Nunua bodi iliyokwisha kuundwa, na kabla ya kuigusisha simu zungusha skrubu yake ndogo huku mita ikiwa kwenye kutokea, hadi isome 5.0 au 5.1. Zinauzwa zikiwa zimewekwa volti yoyote ile, na simu inayopewa 12 haifufuki. Ukipata ile inayotoa 5 moja kwa moja isiyo na skrubu, chukua hiyo. Kwenye soketi ya USB, unganisha waya wa kijani na mweupe pamoja. Ndivyo simu inavyotambua kwamba imeungwa kwenye chaja, la sivyo nyingi zitakubali nusu ampea tu.

Kuhusu chaja inayoenea kiganjani. Volti za transfoma hutokana na masafa, idadi ya mizunguko ya waya, eneo la kiini kinachozungushiwa waya na nguvu ya sumaku ambayo kiini kinaweza kubeba: volti ni 4.44 mara hivyo vyote vinne. Kwa hezi 50 masafa ni madogo, basi lazima ufidie kwa chuma kingi na mizunguko mingi. Chaja huanza kwa kupitisha umeme wa ukutani kwenye daraja la daiodi bila transfoma yoyote, inapata DC ya volti 325 hivi, kisha swichi inaikatakata mara makumi elfu kwa sekunde na kuipeleka kwenye transfoma ndogo ya feraiti, kauri inayobeba sumaku. Feraiti inabeba sumaku kidogo kuliko chuma, lakini masafa yameongezeka zaidi ya mara elfu, kwa hiyo kiini kinakuwa kidogo mno. Chuma cha kawaida kwa masafa hayo kingechemka. Ndani ya chaja ni kazi ile ile ya kufungua kabisa na kufunga kabisa.

Nakusihi usiifungue hiyo chaja kujifunza, si sasa. Kapasita yake ya kwanza hubaki na volti 300 na zaidi hata ukishaichomoa ukutani, na sehemu yote ya mbele imeungana moja kwa moja na umeme wa nyumba. Transfoma yako ya chuma ni nzito na ya kizamani, lakini inakutenga na ukuta, na kwa mtu anayejifunza hilo lina thamani kubwa. Jifunze kwanza upande wa volti 18.

Ukishaielewa baki utaitambua mahali pengi. Kwa mfano juu ya mapaa ya sola. Paneli ya wati 100 hutoa nguvu yake kamili kwa volti 18 na ampea 5.6 hivi. Kidhibiti cha bei ya chini, cha PWM, huiunga paneli na betri moja kwa moja. Betri yenye 13 inaivuta paneli hadi 13, na 13 mara 5.6 ni wati 73. Kidhibiti cha MPPT ni baki yenye akili ya kutafuta mahali paneli inapotoa nguvu nyingi zaidi: kinaiacha paneli kwenye 18 na kuipa betri ampea saba. Mwuzaji akikuambia tofauti ni jina tu, hesabu hii unayo.

Turudi kwenye kazi yako. Transfoma: 15V, ampea 2. Amplifaya inakula nusu, baki 0.35, jumla 0.85, na kwa ile kanuni ya 0.6 transfoma ya ampea 2 inatoa 1.2. Daiodi: 1N4007 zingevumilia, lakini 1N5408 za ampea 3 zinapatikana kirahisi na hazitapata joto. Kapasita: mikrofaradi 4700, na iwe ya volti 35, si 25. Transfoma ya 15 isiyo na mzigo itakupa karibu 23 kwenye kapasita, na siku umeme wa ukutani ukizidi asilimia 10 utafika 25. Usiinunue iliyokaa dukani imevimba kichwani, hata kidogo. Volti zitashuka 1.45 kati ya vilele; hata umeme ukiwa chini asilimia 10, bonde litakaa 15.8, juu ya 14 inayodaiwa. 7812 itabakiwa na volti 6 hivi mara nusu ampea, wati 3, kwa hiyo ifunge kwenye kipande cha aluminiamu cha ukubwa wa kiganja. Baki iungwe kwenye kapasita kubwa kwa waya zake mbili, mbali na waya za sauti. Fyuzi ya nusu ampea upande wa ukutani, aina ile inayochelewa kukatika, kwa sababu kapasita tupu huvuta kwa nguvu wakati wa kuwasha.

Kabla ya kuwasha mara ya kwanza, tafuta balbu ya zamani ya uzi, ya wati 60, na uiunge mfululizo na waya wa ukutani unaokwenda kwenye transfoma, ukiwa umechomoa plagi wakati wa kuunga. Chomeka. Balbu ikimweka na kuzimika, kapasita imejaa na hakuna kilichoungana vibaya. Pima volti za kapasita, kisha za 7812, kisha za baki, ndipo uitoe balbu na kuunga amplifaya. Balbu ikiendelea kuwaka, chomoa na uangalie kwanza mstari wa daiodi zako: mara nyingi ni moja iliyogeuzwa.